Silinda ya Tatu

Pijo ya Bwana Shekuwe iliingia gereji saa nne asubuhi.
Imetoka Mambrui, imevuka daraja la Sabaki,
na kabla sijaiona niliisikia tangu kona ya msikiti:
tu, kha, tu, tu.
Tu, kha, tu, tu.
Mtu anapanda ngazi, na kila mara anaruka kidato kilekile.

Alishuka, akatafuta fundi kwa macho.
Macho yakanipita, yakarudi.
"Ni wewe?"
"Ni mimi."
Akafuta jasho. "Haya, mtazame. Anatoa moshi."

Si moshi, nikamwambia.
Moshi una rangi yake na kisa chake:
ukiwa mweusi, gari linakula kupita kiasi;
ukiwa wa buluu, linakunywa oili kwa siri.
Huu ni mvuke, na mvuke wa alfajiri hauna neno,
ekzosi iliyolala kwenye umande hutema kidogo, ikaacha.
Lakini saa nne, Malindi hii, shati limeganda mgongoni,
mvuke unatoka wapi?
Niliweka kiganja mbele ya bomba.
Kililowa.

"Maji unaongeza?"
"Kidogo."
"Kidogo gani?"
Akatazama spana ukutani kana kwamba ndizo zilizoulizwa.
"Kila usiku. Chupa mbili. Siku hizi tatu.
Nikishaswali ishaa namnywesha.
Nilidhani ana kiu."

Nikamwambia Tsuma asizime.
Nikachomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja.
Wa kwanza: injini ikayumba, ikalia, nikaurudisha.
Wa pili vivyo hivyo.
Wa nne, nusura izimike.
Wa tatu nikauchomoa, nikasikiliza,
nikasikiliza tena,
tu, kha, tu, tu,
hakuna kilichobadilika.
Huwezi kumnyamazisha aliyekwisha kunyamaza.

Plagi tatu zilitoka na kahawia yake, ya kazi,
kama kitako cha sufuria kilichozoea jiko.
Ya tatu ilitoka safi. Inameta.
Bwana Shekuwe akatabasamu kwa mara ya kwanza:
"Angalau hii nzima."
Ndiyo hiyo, nikasema. Hiyo imeoshwa,
na humo ndani hapaoshwi.

Tukangoja ipoe. Akanywa chai ya Tsuma,
akasifu tangawizi, akasifu hata kikombe.
Nilipofungua rejeta, shingoni mwake
palikuwa na ukoko mweupe, mgumu, kama wa chungu cha zamani.
Nikajaza, nikawasha tena: mapovu,
yanapanda, yanapasuka, yanapanda,
mfano wa wali kabla haujakauka.
Pumzi ya silinda imepata njia ya majini,
na maji yamepata njia ya silindani.

Nikauparua ule ukoko kwa ukucha, nikaonja.
Chumvi.

"Maji haya ya wapi?"
"Ya kisimani kwetu. Hayahaya tunayooga."
Akasimama. Akakaa. Akaweka mkono juu ya boneti,
akauondoa kwa moto.
"Kwa hiyo ni mimi."

Nikamtajia bei ya gasketi.
Nikamwambia hedi imelika ukingoni, lazima iende Mombasa
ikachongwe, na huko wana foleni,
na asiiwashe, hata kuisogeza kivulini, tutaisukuma.
Nilisema mengi. Hilo aliloniuliza sikulijibu,
naye hakuuliza mara mbili.

Kesho yake, jua halijapanda,
boda ilisimama mlangoni na mtungi wa lita ishirini
umefungwa kwa kamba ya mnazi.
Maji ya mvua, alisema kijana, ya tangini,
Bwana Shekuwe anasema ameyachuja kwa leso.

Pijo ilikuwa wazi, haina kichwa,
mashimo manne yanatazama mabati.
Hapakuwa na mahali pa kumimina hata tone.
Nikaupokea mtungi.
Nikauweka nyuma ya mlango, pasipofika jua,
nikamwambia Tsuma asinawie mikono.